Kwa Nini Tulipanda Nyogokuru

Tangu turudi, kila anayepita kwenye baraza ninaposhonea pale Asiatique, mtaa wa maduka hapa Bujumbura, anasimama na kuniuliza jambo moja: kweli mlipanda lile debe la meli mpaka Kigoma, na watoto? Nimechoka kujibu vipande vipande huku pini ziko mdomoni. Nimeandika mara moja, mpeane, anayetaka asome.

Wengi mnatujua, lakini nianze na wasiotujua. Tuko wanne. Mimi Imelda ndiye mkubwa. Nyuma yangu yuko Eric, ambaye ndevu zimeanza kumchungulia, kisha Goreti, na mwisho Chantal, ambaye hadi leo tunamwita Bebe ingawa meno ya mbele yameshang'oka. Baba alikufa kwenye barabara ya kusini, gari walilopanda liliposhambuliwa. Mama alimfuata kwa ugonjwa. Siku ya kumaliza msiba wa mama, wazee wa upande wa baba walikaa uani wakatugawa: Eric kwa huyu, Goreti kwa yule, Bebe kwa Shangazi aliyeolewa Kigoma. Mimi sikupangiwa mtu, maana walisema nitajipatia mume. Nikasema apana. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikakaa kwenye cherehani, na watoto wakabaki nami. Hakuna aliyenibishia sana. Vita vilikuwa vimempa kila mtu mzigo wake.

Shangazi peke yake hakuacha. Likizo kubwa ilipokaribia alituma maneno kwa msafiri: njooni wote mpumzike, watoto walale mahali pasiposikika risasi, kisha Bebe abaki. Nilikubali mapumziko, la pili sikulijibu. Nilijiapia kwamba tunakwenda wanne na tunarudi wanne.

Sasa meli. Mngeweza kupanda ile kubwa, mnaniambia. Najua. Ni nyeupe, ina chumba cha kulia na televisheni, na inafika haraka. Lakini siku hizo wanaume na vijana walikaa chini, wanawake na watoto juu, na mlango wa katikati ulifungwa hadi mwisho wa safari. Eric angekaa chini, sisi juu. Nikaenda kuuliza meli ndogo ya mizigo, ile yenye kutu ambayo watu wa bandarini wanaiita Nyogokuru, yaani bibi, kwa sababu inatembea polepole na kupumzika kila mahali. Ilikuwa inakwenda Kigoma karibu tupu kuchukua chumvi na saruji, na kapiteni alikuwa anaruhusu abiria wachache kukaa juu ya sitaha, wote chini ya turubai moja. Chini ya turubai moja. Hilo tu ndilo lililonifanya nichague.

Eric, ambaye kama wadogo zangu wote ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, alikasirika. "Yaya, likizo gani ya kupanda chuma cha kuuza kilo?"

"Ni likizo ya watu wanne," nikamwambia. "Funga mzigo."

Bandarini Bujumbura

Tulifika asubuhi, tukaambiwa hakuna kuondoka. Milio ilikuwa imesikika milimani tangu alfajiri, na mpaka askari waseme, hakuna chombo kitakachofungua kamba. Tukakaa juu ya mzigo wetu. Nilikuwa nimepika maharage na ndizi jana yake, sufuria nzima, nimeifunga kwa kitenge. Nilikuwa na uhakika yatatufikisha Rumonge, gati la kwanza njiani.

Karibu nasi alikaa mama mmoja mnene wa Uvira, upande wa Kongo, muuza vitenge, ambaye kwa kawaida anavuka mpaka wa Gatumba kila siku na furushi kichwani, lakini safari hii anakwenda Kigoma. Jina lake Mama Furaha. Alizungumza na kila mtu, na asiyejibu alimjibia mwenyewe.

"Ni bwana yako huyu?" akaniuliza, akimwonyesha Eric kwa kidole.

"Ni mdogo wangu."

"Asante Mungu. Maana amenuna sana, nikasema huyu dada atateseka."

Goreti akacheka mpaka akajifunika uso. Eric akageuka kuangalia maji.

Mchana ulipopita katikati ndipo kamba zikafunguliwa. Nilifungua sufuria ili tule, harufu ikanijia kabla ya kuona. Maharage yalikuwa yamechacha kwa joto, yana povu. Nikayamwaga ziwani. Mama Furaha akasema samaki wataharisha.

Kuelekea Rumonge

Hapa ndipo ninapotaka niwaelezee vizuri, kwa sababu wengine mmeshasikia habari hii kwa Goreti na yeye anaitia chumvi.

Nyumbani kwetu, kama kwenu nyote, anayekupa kinywaji au chakula anaonja kwanza, wewe ukiwa unaona. Ni heshima ya zamani. Vita vilipokuja mama aliigeuza sheria: asiyeonja, usile chake, hata kama ni jirani. Mimi niliendelea nayo. Bebe alijifunza sheria hiyo kabla ya kujifunza kufunga viatu.

Upande wa pili wa turubai alikaa mama mmoja wa Kiarabu, wa zile familia za maduka ya Asiatique, mtu mzima, amejifunika vizuri, amekaa juu ya marobota yake ya nguo. Tulimsikia kapiteni akimwita Mama Salha. Alikuwa na kapu la vyakula, na alikuwa ameona maharage yakienda majini. Akafungua bakuli la sambusa, harufu ya bizari na nyama ikajaa chini ya turubai, akamnyooshea Bebe.

Bebe hakuchukua. Akamwangalia mama yule usoni. "Onja kwanza," akasema.

Mama Salha akatabasamu. "Kula we, mutoto wangu. Mi nitakula baadaye."

Nikamvuta Bebe nyuma. "Asante, Mama. Tumeshiba."

"Mumeshiba maharage gani? Yale ya samaki?" Akaliweka bakuli mbele yetu, akarudi kwenye marobota yake.

Tukalizunguka bakuli kama watu wanaolinda maiti. Ninyi mnajua njaa ya mtoto. Goreti alikuwa anameza mate, namsikia. Nikamwambia Mama Salha tena, kwa adabu, "Mama, tafadhali, kidogo tu wewe." Akatikisa kichwa. Akasema tumbo lake haliko sawa. Lakini alikuwa ametembea na kucheka tangu bandarini, tumbo gani hilo? Nikazidi kuogopa.

Mama Furaha hakuvumilia. "Eh! Chakula kinangojea wazee wakae baraza? Leteni huku." Akachukua sambusa moja, akatafuna taratibu ili tuone, akameza. "Nikifa munizike Uvira. Si Bujumbura, mtanipoteza."

"Mama, sheria ni aliyetoa," nikasema.

"Basi sheria hiyo itawaua kabla ya sumu."

Tukangoja. Eric akaniinamia. "Yaya. Tumekaa hapa tunamwangalia mama wa watu tuone kama atakufa?"

Nilimwambia anyamaze, lakini ni kweli tulikuwa tunamwangalia. Naye Mama Furaha alijua. Kila mara alijishika shingo na kutoa ulimi, mpaka Bebe akaanza kulia kwa hofu, ndipo akaacha.

Jua lilipozama nyuma ya milima ya Kongo, Mama Salha alisogea, akatoa tende kwenye kitambaa, akanong'ona kitu, akala tende moja, akanywa maji. Kisha akaja alipokuwa Bebe, akakaa chini kwenye chuma, akachukua sambusa kutoka bakuli lile lile, akaigawa mara mbili, akala nusu mbele ya macho yake.

"Sasa nimeonja," akasema. "Haya, Bismillahi."

Sasa nikaelewa, na wote chini ya turubai wakaelewa. "Mama, ulikuwa unafunga? Mbona si Ramadhani?"

"Leo Alhamisi. Ni sunna tu, ya mutu na Mungu wake."

"Ungesema, Mama. Tungekuelewa."

"Ningesema, ingekuwa nimefunga kwa ajili yenu." Akampa Bebe ile nusu nyingine, akamgeukia Mama Furaha. "Na we usiharakishe kuwaachisha hawa sheria yao. Ila ninyi, siku nyingine muulize mutu kama anafunga."

Tulikula mpaka bakuli likang'aa. Mama Furaha alilalamika kwamba yeye ndiye aliyehatarisha roho na sasa amepata chache kuliko wote.

Rumonge

Rumonge hatukushuka. Tulilala pale kwenye gati, kwa sababu askari hawakuruhusu kuendelea gizani. Asubuhi wanawake walikuja na ndagala, yaani dagaa, wa kukaangwa na mihogo, wakauza kwa kelele wakiwa wamesimama majini hadi magotini. Kila muuzaji alionja bila kuambiwa, Bebe akaridhika sana. Mama Salha alinunua, nami nilipompa chai nikaionja kwanza. Akacheka.

Meli kubwa nyeupe ilitupita mbali, katikati ya ziwa, wakati bado tumefungwa. Eric aliifuata kwa macho mpaka ikawa doa. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu, nikabaki na jibu langu.

Mbele ya Nyanza-Lac

Mashine ilizimika mchana, hewa ikiwa imetulia kabisa. Kwanza tulidhani tumefika mahali. Kisha kapiteni, mzee mwenye kofia ya sufu hata juani, akapita akisema, "Nyogokuru anapumzika. Msimsumbue."

Watu wakaanza kutoa maoni. Mmoja alisema ni mafuta, mwingine akasema ni maji ndani ya mafuta, na wa tatu, ambaye hakuwa amesogelea mashine, akasema yeye alijua tangu Bujumbura. Lakini baada ya muda maoni yakaisha, kwa sababu tulianza kuona miti ya nchi kavu ikikua. Mkondo ulikuwa unatusogeza ufukweni, na ufukwe ule siku hizo haukuwa na mwenyewe. Wenye bunduki walishuka pale wanapotaka. Mama Furaha alinyamaza, na hapo nikajua kwamba hali ni mbaya. Mama Salha alikuwa anazungusha tasbihi yake, na Goreti amemshika nguo bila kuulizwa.

Fundi alitoka chini, jasho linamtiririka, akauliza nani ana vidole vyembamba. Wanaume wakaangalia mikono yao. Eric akasimama.

"Kaa," nikamwambia.

"Yaya, unataka tukae mpaka tufike pale?" Akaonyesha miti. Akashuka.

Nilikaa na watoto wawili, nikisikia chuma kikigongwa chini ya miguu yangu. Sijui ilichukua muda gani. Tulikuwa tumekaribia kiasi cha kuona mtumbwi uliopinduliwa mchangani na nyumba isiyo na paa, mashine ilipokohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikashika. Watu wakapiga makofi. Kapiteni akageuza usukani, miti ikaanza kupungua.

Eric alipanda juu akiwa mweusi mpaka kwenye viwiko. Uso wake sikuwa nimeuona vile tangu baba alipokuwa hai. "Ni bomba la mafuta, Yaya. Lilikuwa limeziba. Mukono wa fundi hauingii, wangu unaingia." Alituelezea mara nyingi. Mama Furaha akasema, "Kumbe akicheka ni muzuri. Nina binti Uvira."

Kigoma

Shangazi alikuwa amekuja kupokea meli kubwa, hakutuona, akarudi nyumbani akiwa na hakika kwamba tumekufa, kisha mtu akamwambia tumepanda nini. Alitungoja gatini mikono kiunoni.

"Imelda! Umewapandisha watoto wa kaka yangu kwenye debe!"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, na usinipunguzie hasira kwa shikamoo. Hii ndiyo akili ya kulea? Ndiyo maana nasema mtoto mmoja abaki hapa na mtu mzima."

Alisema haya bandarini mbele ya wapagazi, na nilikuwa natafuta jibu wakati watoto walipomvamia. Wote watatu walitaka kusimulia kwa pamoja. Goreti alianza na sambusa, Bebe akamkatiza na mama aliyejifanya anakufa, Eric akawakatiza wote na bomba la mafuta. Wakabishana nani asimulie. Goreti akamwiga Mama Furaha pale pale, na wapagazi wakacheka. Shangazi alijitahidi kubaki amekunja uso. Hakuweza. Akasema twendeni nyumbani, ugali unapoa.

Nyumba yake iko juu ya mchanga, si mbali na maji. Tulikula migebuka, samaki ambao ni mukeke wetu kwa jina jingine, na Goreti alibishana na wajukuu wa jirani kutwa nzima kwamba wa kwetu ni watamu zaidi. Bebe alilala. Hamuwezi kuelewa kama hamjalala naye chumba kimoja: nyumbani anashtuka kila mlango unapogongwa. Kule alilala mpaka jua likawa kali. Shangazi aliniita nimwone. "Unamwona?" akasema. "Na wewe unataka kumrudisha." Nilimwona. Nikamfunika miguu, nikatoka.

Eric hatukumwona sana. Kila siku alikwenda ufukweni wanapotengeneza mashine za boti, na kila siku alirudi mchafu. Likizo ilipokaribia kwisha alinichukua tutembee huko, akanikalisha juu ya boti iliyopinduliwa.

"Yaya, mi nabaki."

"Unabaki wapi?"

"Hapa, kwa Shangazi. Kuko fundi moja, amesema nije kwake kila siku."

"Apana."

"We sikiliza kwanza."

"Nimesema apana, Eric. Tulikuja wanne."

"Ndiyo, tulikuja wanne. Na kule kwetu Buja kila magaribi unasimama mu mlango unaningoja mi. Goreti akikuambia kitu hausikii. Bebe anakaa na njaa mpaka mi nirudi ndiyo upakue. Unalea mutoto moja tu, Yaya. Huyo mutoto ni mi."

Nilitaka kumpiga. Kisha akasema lile ambalo hakuwa ameniambia nyumbani. Mnawajua vijana wa kona yetu. Wengine walipanda milimani kwa waasi, wengine walipewa marungu na kuambiwa walinde mtaa, na wachache wamerudi jinsi walivyoondoka. Hao waliobaki walikuwa wamemwambia Eric kwamba likizo ikiisha achague upande. Kutochagua pia watakuhesabu kama umechagua.

"Kwa nini haukuniambia?"

"Ungeacha kazi ukakaa mu mlango kutwa nzima."

Ni kweli, ningefanya hivyo.

Shangazi alikuwa uani, anapasua samaki wa kutia chumvi. Nikakaa kwenye kigoda.

"Shangazi, uliomba mtoto wa kaka yako."

Kisu kikasimama. "Niliomba na ninaomba. Nguo za Bebe nimeshazitafuta."

"Si Bebe. Chukua Eric."

"Eric!" Akacheka, akaona sicheki. "Imelda, mimi niliomba mtoto, sikuomba mpangaji. Yule anamaliza sufuria na bado anaangalia ya jirani. Mvulana akishatoa sauti nene hafundishiki tena."

Mimi niliyesafiri na maneno yote ya kumnyima mtoto, sasa nilikaa kumbembeleza amchukue. Nilimsifu Eric kama mtu anayeuza mbuzi sokoni: anachota maji, haibi, anajua kuosha vyombo, na ziwani alitutoa kwa vidole vyake. Shangazi alitikisa kichwa kwa kila moja. Alimtaka mdogo, msichana, wa kukaa naye. Mwishoni nikamweleza habari ya kona.

Alichukua samaki mwingine, akamkwangua magamba, akamgeuza, akakwangua upande wa pili.

"Kaka yangu alipokufa sikumzika," akasema. "Sikupata njia ya kuja."

"Najua, Shangazi."

"Huyu sitaki niambiwe kwa msafiri." Akamtupa samaki kwenye beseni. "Haya. Atalala chumba cha stoo, na ataamka alfajiri. Na Bebe?"

"Bebe anarudi nami."

"Ulikuja na kichwa kigumu, unarudi nacho," akasema, akanipa kisu nimsaidie.

Kurudi

Nyogokuru ilikuwa imejaa chumvi na saruji mpaka juu, tukapata nafasi ya mikeka miwili. Shangazi alikagua turubai kwa mkono, akamwambia kapiteni kwamba akituzamisha atamfuata hukohuko chini. Eric alibeba mizigo yetu, akashuka kwenye mashine kumsalimia fundi, akachelewa kutoka, na nafsi yangu ikaomba kamba zifunguliwe akiwa bado ndani. Akatoka. Bebe akamng'ang'ania shingo, ikabidi Shangazi amfungue kidole kimoja kimoja.

"Usiingie maji ya kina jioni," nikamwambia Eric. "Usimjibu Shangazi. Usimruhusu fundi akutumie bure mwaka mzima."

"Yaya, kwenda. Meli itaanza kuzeeka zaidi."

Safari ya kurudi haikuwa na jambo. Mashine haikuzimika, na Rumonge hatukukaa. Goreti alizungumza nami njia nzima, mambo ya darasani na ya marafiki zake ambayo mengi sikuwa nimewahi kuyasikia, nami sikuwa na mtu wa kumwangalia mlangoni, nikasikiliza.

Mkija nyumbani hamtamkuta Eric, basi, na wazee wa ukoo nimeshawaambia vilevile. Juzi kapiteni alinitumia mtu nifuate kifurushi bandarini. Ni migebuka wakavu, Eric amewapasua na kuwatia chumvi mwenyewe. Chumvi imezidi mno, na baadhi amewapasua upande usiofaa. Tumewala wote, na vichwa.